Mvua ya Lambo la Malale

Kila mvua ilipokatika, Kabula alishusha kopo la kupimia, akasoma milimita, akajaza chupa ndogo hadi mdomoni na kukaza kifuniko. Dina, mtafiti wa mvua, alimfundisha hivyo: chupa ikipata hewa, maji mepesi hutangulia kuondoka na mazito hubaki, halafu maabara haiwezi tena kusema mvua ilitoka wapi.

Pale Kabungu watu waliona wenyewe ilikotoka. Mvua ya baharini iliacha chumvi mabatini, mbuzi wakapanda kuilamba. Ya Kongo iliacha majani mapana ya miti wasiyoijua, yakafagiliwa. Kabula aliandika chanzo kwenye fomu, akarudi kupika.

Alhamisi mchana ilinyesha juu ya bati lake peke yake, nayo ikapiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa mumewe, Ndaki, wa kuitia ng'ombe: mirefu miwili, mfupi mmoja. Ndaki hakuonekana tangu Agosti. Jirani yao Malale, mwenye lambo ambalo kijiji kizima hunywesha mifugo, alisema Ndaki amehamia Inyonga na kumwachia ng'ombe wake kumi na mmoja. Nani angebisha, na kiangazi ni kirefu?

Ng'ombe wale walitoka zizini kwa Malale, wakaja kusimama mlangoni kwa Kabula. Majirani walisogeza viti kuwapisha.

Kabula alionja maji ya kopo. Yalikuwa na tope la lambo. Mluzi ni mwepesi, umepanda na jua. Ndaki mwenyewe ni mzito, yuko chini kule lamboni. Aliogopa hata kugusa kalamu.

Malale akaja na fimbo yake, akamsalimu Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba."

"Nimefuata ng'ombe wangu." Akaitazama fomu. "Hii ya leo imetoka wapi?"

Mluzi ulikuwa ukiendelea juu ya vichwa vyao. Mgongoni kwa Kabula mtoto alikuwa amelala.

"Baharini, baba."

"Basi andika."

Akaandika. Malale akasubiri mvua ikatike, ndipo ng'ombe wakakubali kuswagwa.

Kabula alijaza chupa, akaiweka dirishani juani bila kifuniko. Ilipiga mluzi siku mbili, kila siku kwa sauti ndogo zaidi, naye akaketi karibu akilia mpaka iliponyamaza. Ndipo akaifunga.

Jumatatu Dina aliipokea, akasoma fomu.

"Bahari tena," alisema. "Ahsante, dada, unaandika vizuri."