Rangi Juu ya Kutu

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Aliliandika kwa rangi nyekundu kwenye geti la gereji yake, na watu wakalisoma mpaka wakasahau kwamba hakuna aliyempa. Alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba ya moshi, na kwa kuziba matundu hakuwa na mpinzani mtaani. Ila alikuwa na kasoro moja: neno "sijui" lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake, na miaka arobaini na minne alikuwa ameshaipita.

Asubuhi moja shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, aliingia gereji akisukuma pikipiki. Ilikuwa ya zamani, ya safari ndefu, pana kama meza, ina kioo kikubwa mbele, masanduku mawili ubavuni na kiti cha nyuma chenye egemeo. Shemeji alikuwa mpima ardhi aliyestaafu, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Yeye na mkewe walikuwa wanajiandaa kwa safari ya siku mbili kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza.

"Mabomba yote mawili yameoza," alisema. "Yatazame."

Bingwa akachukua bisibisi, akagusa tumbo la bomba la kulia. Bisibisi ikazama kama kwenye biskuti iliyolowa chai. Wateja waliokaa kwenye benchi wakaguna.

"Kata palipooza, uweke chuma kipya," Shemeji akaendelea. "Ila mlio usibadilike. Dada yako hapendi kelele, kichwa kinamuuma. Na vitu vya ndani ya bomba, vile vinavyozuia sauti, unaweza kuvitengeneza? Kama huwezi, sema tu. Hakuna atakayekulaumu."

Wangekuwa wawili tu, huenda angesema. Lakini benchi lilikuwa limetega masikio.

"Shemeji, unamuuliza samaki kama anajua kuogelea?"

Benchi likaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Alimpa ufunguo, akaenda zake kwa miguu.

Mchana, benchi lilipobaki tupu, Bingwa alilipasua bomba la kwanza kwa grenda. Ndani alikuta vyumba vitatu vilivyotengwa kwa bati, na vijibomba vyembamba vyenye matundu madogo madogo vikipishana kutoka chumba hadi chumba. Kutu ilikuwa imevila vyote. Alipovigusa vilimbomokea mkononi, vikamwachia unga mwekundu kwenye viganja. Miaka yote ile alikuwa akiziba mabomba kwa nje. Kuyatengeneza upya kwa ndani hakuwahi. Alijaribu kukunja kijibomba kimoja, kikamtoka kama pembe ya mbuzi. Akajaribu cha pili. Cha tatu akakitupa chini ya meza na kutazama mlangoni, asije akawa ameonwa.

Basi akafanya alichokijua. Alitoa matumbo ya mabomba yote mawili, akapitisha katika kila moja bomba tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, akafunika kwa bati jipya. Vishikizo vinavyolibeba bomba navyo vilikuwa vimeliwa. Alipaswa kuvikata na kuweka vipya, lakini alijaza pati, ule ute mzito wa kuzibia mashimo ya bati, akasugua kwa msasa, akapaka rangi nyeusi ya kuhimili moto. Kinga ya joto ya upande wa kulia, lile bati linalozuia mguu wa abiria usiguse bomba, aliishikiza kwa tone moja la kuchomelea juu ya kutu. Alipomaliza, pikipiki iling'aa kama imetoka dukani jana.

Siku ya safari dada yake alikuja amevaa koti la mvua, furaha imemjaa usoni. Huyu ndiye aliyemlea Bingwa tangu mama yao alipofariki. Wakati huo dada alikuwa na miaka kumi na minne, na Bingwa mitano. Shemeji aliwasha. Mngurumo ukapasua ua mzima, kuku wa jirani wakaruka ukuta.

"Mbona inanguruma hivi?" Shemeji akauliza.

"Bomba jipya lazima likohoe kidogo. Litatulia barabarani."

Shemeji alichuchumaa kutazama vishikizo. Bingwa akahisi jasho likimtiririka mgongoni.

"Twende, baba," dada akasema, akipanda nyuma. "Mdogo wangu akisema imekaa, imekaa." Akampungia mkono. Bingwa aliusikia mngurumo ule mtaa hadi mtaa, na kila ulipofifia alijiambia hakuna neno.

Simu ilipigwa kesho yake saa nne.

"Tuko zahanati," ilikuwa sauti ya Shemeji. "Dada yako ameungua mguu." Akakata.

Walirudi siku iliyofuata, pikipiki imefungwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga. Bingwa alipofika nyumbani kwao sebule ilikuwa imejaa. Dada yake alikuwa kwenye kochi, mguu wa kulia juu ya stuli, bandeji toka kifundo hadi karibu na goti. Majirani wawili walikuwepo, na Shangazi naye, ambaye katika ukoo ule hakuna lililopita bila yeye kulikagua.

"Ilikuwaje hasa?" Shangazi alikuwa akiuliza.

"Ni uzembe wangu," dada akajibu. Hakumtazama mdogo wake. "Tulipita kwenye mashimo, nikateleza, nikaweka mguu vibaya."

"Sasa na umri huu mnapanda mapikipiki ya nini? Hata hivyo mshukuruni Mungu mna fundi katika ukoo. Kama si kazi nzuri ya huyu, ingeanguka pikipiki nzima." Shangazi akamgeukia. "Kaa, mwanangu, mbona umesimama kama mdai? Mpeni chai Bingwa."

Bingwa akapewa kikombe. Sifa zile zilimchoma kuliko tusi, na kila alipoinua macho alikutana na bandeji. Alitamani ardhi ipasuke.

Shemeji alimgusa bega na kumwita jikoni. Huko alichukua kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua mezani. Ndani mlikuwa na ile kinga ya joto, imekunjamana, na kishikizo kilichokatika. Shemeji alikibonyeza kwa kidole gumba. Pati ikamomonyoka kama unga wa chaki, na chini yake kutu ikaonekana, nyekundu.

"Bati lilianguka kwanza," alisema taratibu. "Halafu kishikizo kikakatika, bomba likalala kwenye mguu wake. Alipiga kelele nisimsikie, kwa mngurumo ule. Nilienda naye hivyo, sijui umbali gani. Aliponipiga ngumi mgongoni ndipo nikasimama."

Akamtazama Bingwa usoni.

"Nilikuuliza au sikukuuliza?"

"Uliniuliza, shemeji."

Shemeji akakifunga kile kitambaa, akakiweka kabatini, akaanza kuosha vikombe.

Bingwa alisimama pale. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, hatua nne tu. Kama angeondoka, hakuna ambaye angejua; dada alishamfunikia. Alijiona akitoka, na hakumpenda mtu aliyemwona. Akarudi sebuleni.

"Shangazi," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo. "Dada hakuteleza. Ni mimi. Nilipaka rangi juu ya kutu. Vya ndani sikujua kuvitengeneza, na nikasema najua."

Jirani mmoja akatazama dari. Shangazi, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya familia, akakosa la kusema, kisha akalipata: "Kumbe tuna bingwa wa rangi!" Hakuna aliyecheka.

Lakini aliyemtia haya zaidi ni dada. Macho yalikuwa yamemjaa machozi ya hasira.

"Nani amekuambia useme? Nilikufunika usivuliwe nguo mbele za watu."

"Nimechoka kufunikwa, dada."

"Umechoka!" Akapumua kwa nguvu. "Mimi nilikuona hujui kufunga kamba za viatu. Nilikuona hujui kupenga kamasi. Ungeniambia hujui bomba la pikipiki, ningeshangaa nini?"

Hapo Bingwa akajifunika uso kwa viganja, mtu mzima, akalia mbele ya majirani.

Ng'ambo ya gereji yake alikaa mwanamke mfua bati, ambaye Bingwa ndiye aliyembandika jina la Mama Ndoo, kwa kejeli. Alitengeneza ndoo, majiko, mifereji ya mapaa na mabomba ya moshi ya majiko ya kuoka mikate. Kukunja bati likawa duara kamili kwake ilikuwa kama kukunja kanga. Wiki iliyofuata Bingwa alivuka barabara.

"Unataka ndoo?" Mama Ndoo aliuliza bila kuinua macho.

"Nataka unifundishe kukunja kijibomba. Mimi... sijui."

Mama Ndoo aliendelea kugonga mpaka akamaliza kitako cha ndoo aliyokuwa nayo. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Na ukinikatia bati langu ovyo, utavuka barabara mbio."

Siku kumi na nane alikaa kwenye kigoda kile, akitoboa matundu kwa msumari na nyundo, safu kwa safu, akikunja, akiharibu, akianza tena. Wateja wake walipita na kusimama. "Bingwa, umeolewa huku?" Masikio yalimwaka moto, akaendelea kutoboa. Asubuhi, kabla ya kigoda, alimpeleka dada yake zahanati kubadilisha bandeji. Muuguzi alipoibandua, Bingwa alijilazimisha kutazama. Dada alimwambia atoke nje, hakutoka.

Mabomba mapya yalipokamilika, na vishikizo vipya vya chuma kizito, aliyafunga mbele ya Shemeji, kila nati ikikaguliwa. Pikipiki ikawashwa. Ilivuma chini kwa chini, mtu angeweza kuongea akasikika. Shemeji aliiendesha peke yake nusu saa, akarudi, akachuchumaa, akashika vishikizo kimoja kimoja, na penseli ikabaki sikioni, hakuona kasoro ya kuandika.

"Hii ni kazi," alisema. "Lakini dada yako simpakii bado."

"Ni haki yako, shemeji."

Kwa mjukuu walikwenda kwa basi. Kovu lilibaki kwenye mguu wa kulia wa dada, refu kama kiganja, la rangi ya chuma kilichopoa. Dada alimwambia ameshamsamehe, tena siku ile ile ya kukiri kwake, na Bingwa aliamini. Ila mpaka leo wakikaa pamoja barazani, dada amenyoosha miguu, Bingwa huchagua kukaa upande wake wa kushoto.