Majambazi Watatu wa Karakana ya Sofa

Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba majambazi wa kaka yangu walikuwa wanabisha hodi.

Kaka alisimama katikati ya karakana, mkono mmoja juu kama ameshika kamera, anatuonyesha jinsi filamu itakavyoanza. "Mlango umefungwa," akasema. "Kimya kabisa. Halafu, ngo ngo ngo, hodi! Anaingia jambazi wa kwanza. Anasimama kidogo mlangoni, anaitazama kamera, anapita. Anaingia wa pili, anasimama, anaitazama kamera..."

Breki, dereva anayepeleka sofa kwa wateja, alikuwa amelala chali juu ya vipande vya sponji. "Na keki inakatwa saa ngapi?" akauliza.

Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kaka hajawahi kupiga picha za kitu kingine ila harusi, na kwake yeye kila anayeingia mlangoni ni bwana au bibi harusi.

"Hodi ni amri ya shangazi," akajitetea. "Amesema hakuna mtu atakayeingia kwake bila hodi, hata kwenye filamu."

Shangazi ndiye mwenye karakana. Tunatengeneza sofa mpya, na zilizochakaa tunazivisha vitambaa vipya. Jumapili hatufungui, kwa hiyo alikubali tukae humo tupange hadithi yetu, na tuje kuipiga humo humo Jumapili inayofuata. Alikubali kwa masharti. Masharti yenyewe yalikuwa yanaongezeka kila alipopita na kikombe chake cha chai.

Kaka alitaka filamu ya kusisimua, yenye askari shujaa. Lakini nguo za askari hazivaliwi ovyo ovyo, unaweza kukamatwa kweli. Na bunduki aliyoichonga Breki kwa mabaki ya mbao ilifanana na mwiko. Wifi ndiye aliyesema, "Basi tuondoe askari. Tuwe majambazi watupu. Jambazi anavaa nguo zake mwenyewe." Hivyo ndivyo majambazi walivyokuwa mashujaa wetu. Walikuwa bei rahisi.

Walikuwa watatu kwa sababu sisi tulikuwa watatu: Breki, wifi na mimi. Kaka angeshika kamera. Mimi nilipewa jambazi asiyesema. "Redio atakuwa yule wa nyuma," Breki alisema. Ananiita Redio kwa sababu siongei. Wote wakaona ni sawa, na mimi pia.

Hadithi ilikuwa hivi. Majambazi wamepora dhahabu kwa sonara, wanakimbia, wanaingia kujificha kwenye karakana ya sofa. Humo wanamkuta mwenye karakana, wanamfunga kamba. Hapo ndipo kaka alipokwama, kwa sababu shangazi alitokea nyuma yake.

"Nani anafungwa kamba?"

"Wewe, shangazi. Si ulisema unataka kuonekana?"

"Nilisema kuonekana, sikusema kufungwa kama mbuzi. Wateja wangu watasema nilizidiwa nguvu na nani? Na huyu?" Akampima Breki kwa macho kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Huyu nikipiga chafya anaanguka."

"Ni uongo tu, mama," Breki akasema. "Ni filamu."

"Hata kwa uongo sifungwi."

Kaka akakuna kichwa. Mwenye karakana asipofungwa atapiga kelele, majirani watajaa, na filamu itakuwa imekwisha kabla haijaanza. Akazunguka karakana nzima, akarudi pale pale.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na kiti cha mteja, nachomoa pini kuukuu za stepla kwa bisibisi. Tangu tukiwa watoto, nikiwa na neno namnong'oneza kaka, yeye analisema kwa sauti. Tulifanya hivyo nyumbani, dukani, hata kwa daktari. Nikamvuta shati, akainama.

"Kwani lazima ajue kuwa ni majambazi?"

"Kwani lazima ajue kuwa ni majambazi?" kaka akasema kwa sauti, kisha akasikia alichokisema, macho yakamtoka. "Subirini! Hajui! Alikuwa anangoja mafundi wapya, akawaona hawa wanabisha hodi, akajua ndio wao!"

Shangazi akaweka kikombe juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nilijua tumempata, maana kikombe kile huwa hakiachi. "Nitawaambia, mmechelewa!" akasema. "Wewe mrefu, shika nyundo. Wewe mwenye kucha, kaa kwenye mashine."

"Kucha zangu, shangazi!" wifi akalia.

"Jambazi gani ana kucha kama hizo? Kaa!"

Basi tukaanza kuicheza, na kuanzia hapo hadithi ikatembea yenyewe. Wifi alikaa kwenye mashine akashona mshono uliokwenda kama nyoka aliyekanyagwa. Breki aligonga msumari, ukapinda, akagonga mwingine, nao ukapinda, akaanza kuinyoosha yote akijifanya ndivyo kazi ilivyo. Shangazi aliwazunguka akiwatukana kwa raha zote, hakujua tena kama anaigiza au vipi. Kaka alikuwa anarukaruka. "Hivyo hivyo! Wanaogopa! Mfukoni wana dhahabu, mkononi wana nyundo!"

"Dhahabu wanaificha wapi?" wifi akauliza.

Nikavuta shati.

"Ndani ya mto wa sofa!" kaka akatangaza. "Wanaushona kabisa. Halafu mwenye sofa anakuja kuchukua sofa yake!"

"Sasa hapo ndipo mbio za magari," Breki akasema, akiinuka. "Mimi na pikapu, tunaikimbiza ile sofa."

"Pikapu yako ikipanda kilima, watoto wanaipita wakitembea," kaka akamwambia.

"Basi sofa ifukuzwe kwenye mteremko."

Wifi naye alikuwa na lake. Alitaka kufa. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, hilo tuliliona mara moja. "Nife polepole," akasema, akajilaza, mkono kwenye paji la uso. "Juu ya ile sofa nyekundu. Damu inanitoka huku nasema maneno ya mwisho."

"Sofa nyekundu ina mwenyewe," shangazi akasema. "Damu hapana."

"Si damu, shangazi, ni rangi."

"Rangi ndiyo mbaya zaidi. Haitoki."

Nilicheka mpaka bisibisi ikaniteleza mkononi. Kisha nikamvuta kaka tena, nikamnong'oneza mwisho. Ulikuwa mrefu kidogo, akabaki ameinama, anatikisa kichwa, anatabasamu. Alipoinuka aliusema vizuri kuliko nilivyomwambia.

Mwenye sofa ni mke wa sonara. Majambazi hawajui. Wanaikimbiza sofa mpaka kwake, wanachungulia dirishani, wanaona nani amekaa juu yake: sonara mwenyewe, analilia dhahabu yake, naye ameikalia. Siku moja mto utachanika na ataipata. Hawawezi kuingia. Wanarudi karakana mikono mitupu. Asubuhi mwenye karakana anafungua mlango, anawakuta wamesimama nje, wanabisha, wameshika nyundo zao. Wanabaki, wanafanya kazi.

Breki akapiga makofi. Wifi akasema ni nzuri, ingawa hakuna aliyekufa. Ila shangazi alikuwa amechukua kikombe chake tena.

"Wanabaki wapi?"

"Hapa," kaka akasema.

"Hapa kwangu?"

"Ni filamu, shangazi..."

"Hiyo filamu si unataka mtaa mzima uitazame? Wataona mlango wangu, wataona mashine zangu, watasema, kumbe mafundi wa mama huyu ni wezi walioamua kupumzika. Nani ataniletea sofa yake tena? Hapana. Mwizi anafungwa. Mwisho wafungwe, la sivyo mkapige filamu yenu barabarani."

Kaka akainua mikono. "Sawa, shangazi. Watafungwa."

"Askari tutawatoa wapi?" wifi akauliza.

"Hawaonekani. Kitasikika king'ora tu, giza, basi."

Breki akaweka mikono mdomoni akapiga king'ora. Alikipiga vizuri mno, mbwa wa jirani akaitikia, na wote wakaangua kicheko, hata shangazi.

Mimi sikucheka. Nilivuta shati. "Wasifungwe," nikanong'ona.

Kaka akainama, lakini safari hii hakurudia neno langu. Alinijibu mimi, kwa sauti ya chini. "Tukikataa hatuna pa kupigia, mdogo wangu. Ni mwisho tu. Yote mengine yamebaki."

Akanipigapiga begani, akaendelea kupanga king'ora kilie mara ngapi.

Nikarudi kwenye pini zangu, nikawa sizioni. Wale watu watatu nilikuwa nimewazoea. Nilimjua yule mrefu, jinsi atakavyofurahi siku msumari wa kwanza utakapoingia bila kupinda, atauonyesha kwa kila mtu. Nilimjua yule mwenye kucha, atazikata mwenyewe bila kuambiwa. Na yule wa nyuma asiyesema, wangu, nilijua mahali anapopenda kukaa. Sasa wangekatwa na king'ora cha mdomo, katikati ya kazi, kwa sababu hakuna aliyejua kwa nini wanabaki. Mimi peke yangu ndiye niliyejua, na kinywa nilichokuwa nakitegemea kilikuwa kimekubali wafungwe.

Nikasimama. Pini zote zilizokuwa mapajani zikamwagika sakafuni kwa kelele.

"Jamani," Breki akasema, "Redio imewaka."

"Nyamaza wewe," shangazi akamwambia. Akanigeukia. "Una nini, mwanangu?"

Nilimtazama kaka. Aliinama kidogo, akaleta sikio, kwa mazoea tu. Nikatikisa kichwa.

"Wasifungwe," nikasema. Sauti ilitoka imekwaruza, lakini ilifika.

Wifi alifunika mdomo. Kaka akainuka taratibu, akawa hana la kufanya na mikono yake. Nikaona anaelewa kuwa hadithi aliyokuwa anaisema mchana kutwa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe amekuja kuichukua. Hakukasirika. Alisogea pembeni, kama anavyosogea harusini ili bibi harusi apite.

"Sawa, wasifungwe," shangazi akasema. Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama anavyomuuliza mteja anayetaka kitambaa asichokielewa. "Lakini nieleweshe. Mtu amekuja kwangu kujificha tu. Hana haja na sofa, hana haja na mimi. Hatari ikipita, kwa nini asiende zake? Kwa nini abaki?"

Nilimjibu. Hata mbwa wa jirani alikuwa ameacha kubweka.

Filamu tuliipiga Jumapili iliyofuata. Wezi hawakufungwa. Wifi alikufa hata hivyo, ndotoni, juu ya sofa ya kijivu, bila damu, na alichukua muda mrefu kiasi kwamba Breki alilala kweli. Pikapu iliteremka mteremko ikazimika, tukaisukuma, na kaka akasema hiyo ndiyo sehemu ya kusisimua kuliko zote. Mwishoni, shangazi anapofungua mlango na kuwakuta wale watatu nje, kaka alimwambia atoe neno lolote la mshangao. Shangazi hakutoa neno. Aliwatazama, akamtazama zaidi yule wa nyuma, akasogea ili wapite. Hatukurudia picha hiyo, ilitosha mara moja.

Watu wakimuuliza kaka alipata wapi mwisho ule, ananionyesha kwa kidole, wananigeukia, nami naangalia chini. Sijaweza kulirudia jibu langu la siku ile mbele ya mtu mwingine. Lakini nililisema, kwa sauti, na wanne walilisikia:

"Kwa sababu na mimi nilikuja kujificha, shangazi. Wewe uliambiwa nimekuja kukusaidia. Sikuja kusaidia. Nilikuwa darasa la sita, mwalimu anatusimamisha tusome kwa sauti, yangu haitoki, wanacheka. Nikaja nikakaa nyuma ya majora ya vitambaa nisionekane. Ukanipa sindano, hukuniuliza kitu. Nikasema nitakaa mpaka wanisahau, halafu niende. Siku moja nikaona kiti nilichokishona mimi kinatoka mlangoni, kimepakiwa kwenye pikapu, mwenyewe amekikalia huko nyuma anacheka, ameshindwa kungoja mpaka afike nyumbani. Kuanzia siku ile sijifichi tena. Nipo tu. Napenda kuwa hapa, shangazi, napenda kuwa na wewe, na sijawahi kukwambia."