Uji wa Furu

Siku ya kumi na tatu, furu jike alikuwa bado ameshika mayai mdomoni. Donatus alimtazama kupitia upenyo wa pazia, amesimama kwenye korido ya nyumba yake kama mgeni. Zilibaki siku tano vifaranga vitoke.

Furu hao wawili, samaki wasiozidi kidole kwa urefu, aliwavua katika lambo moja karibu na Kagongwa. Tangu hapo lambo lenyewe lilikuwa limekaushwa na waosha mchanga wa dhahabu. Dume alikufa wiki iliyopita. Akabaki huyu jike, kajificha kwenye majani ya tangi, mashavu yamemjaa. Donatus, fundi redio aliyejifunza kufuga kwa kukosea na kuandika alipokosea, alijua kwamba akisumbuliwa tu, huyameza mayai yake.

Lakini tangi lilikuwa sebuleni, na sebuleni alilazwa mama mkwe wake, Mbuke, aliyeanguka kisimani huko Didia, mguu umefungwa hogo la plasta. Kwa Wasukuma, mkwe haingii alipolala mama wa mkewe. Kwa siku nne kazi zote za tangi zilikuwa za Lusia, mkewe.

"Umemweleza habari za mayai?"

"Nimemweleza. Kacheka mpaka mguu ukamuuma. 'Samaki gani anabeba mimba mdomoni?'"

Lusia akachukua kikapu, akaenda sokoni.

Haikupita muda Donatus akasikia kucha zikigonga kioo cha tangi. "We mtoto, kula basi. Mashavu yote hayo! Matumbwitumbwi haya." Akachungulia. Mbuke alikuwa amejiinua kwa kiwiko, kikombe mkononi, na uji wa mtama ulikuwa unateremka ndani ya maji kama wingu.

"Mama!" aliita nyuma ya pazia. "Naomba asipewe kitu."

"Nimempa kidogo tu, baba. Mgonjwa asiyeweza kutafuna utamwachaje?"

Donatus alishika pazia. Kanga ya mama mkwe ilikuwa imepanda hadi gotini, juu ya hogo. Aliliachia pazia, akageukia ukuta.

Lusia aliporudi, Donatus alimwelekeza kwa sauti kutoka koridoni. "Toa ndoo mbili. Polepole. Weka maji yaliyolala kwenye pipa, si ya bomba."

"Simwoni tena samaki, Baba Violeth. Maji ni maziwa."

"Endelea."

Donatus alikaa chini, mgongo ukutani, akisikiliza maji yakimiminwa na mkono usio wake.

Asubuhi maji yalikuwa yametakata. Kabla hajafika kwenye upenyo alisikia furaha ya Mbuke.

"Lusia! Njoo uone, uvimbe umekwisha! Anakula huyu, anafukuzia makombo!"

Donatus aliweka jicho. Furu alikuwa wazi mbele ya majani, mashavu bapa, akidonoa huku na huku kwa njaa ya siku kumi na nne.

"Mwambie mumeo," Mbuke alisema, "mgonjwa wake kapona."

Lusia alikuwa amegeuka kulitazama pazia.

"Nimesikia, mama," Donatus alijibu. "Ahsante."