Anayepanda Hazuiwi

Mzunguko wa magari wa katikati ulipokamilika, mtu wa mwisho kuupita katika mtaa mzima alikuwa Mwalimu Klachi. Gari hakukosa. Alikuwa nayo mawili, yote yamebandikwa kibao cha L mbele na nyuma. Lakini kila alipotaka kwenda ng'ambo alikata kona nyuma ya soko, akapita kwenye mashimo, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, ilimradi tu asilikanyage lile duara.

Jina la Klachi alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu hilo ndilo neno alilowapigia kelele kuliko mengine yote. Nusu ya wenye leseni pale mtaani walipita mikononi mwake, na nusu iliyobaki walifundishwa na waliopita mikononi mwake.

Barabara ya mtaa ule imenyooka kutoka shule ya msingi hadi sokoni, na katikati inakatwa na njia inayopanda kutoka bondeni kwenda zahanati. Zamani, pale zinapokutana, palikuwa na karakana ya seremala upande mmoja na duka la mwoka mikate upande wa pili, na mbwa mmoja wa rangi ya majivu aliyelala katikati ya barabara, akakwepwa na kila mtu. Magari yalikuwa machache, watu waliyajua kwa muungurumo. Ukisikia gari inakohoa bondeni unajua ni ya nani, inakwenda wapi, na kama mwenyewe amegombana na mkewe.

Kisha mji ukanenepa. Yakaja malori, zikaja pikipiki, zikaja gari za watu wasiomjua mtu. Mbwa yule alikuwa wa kwanza kwenda. Baada yake ni watu. Kila muhula kulikuwa na mtoto wa shule anayerudi nyumbani na bendeji, na mwaka mmoja kuna ambaye hakurudi. Wazazi wakaenda manispaa, wakarudishwa, wakaenda tena, mpaka akaletwa mhandisi. Huyo akajenga mizunguko mitatu, akaweka matuta na vivuko vilivyopakwa rangi, magari yakalazimika kupunguza mwendo yapende yasipende. Hapo hapakuwa na wa kubisha. Hata Mwalimu Klachi hakubisha.

Kilichomkaa rohoni kilikuwa kitu kingine, na hakumwambia mtu.

Marehemu mkewe alikuwa mkunga wa ile zahanati ya juu. Alikuwa na pikapu yenye betri iliyochoka, ikizimika mlimani haiwaki mpaka isukumwe. Na mkunga akiitwa hana muda wa kusubiri wasukumaji. Basi siku za mwanzo, seremala akiisikia pikapu inapanda, aliacha randa juu ya ubao, akatoka barabarani na vumbi lake la mbao kichwani, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mpisheni mkunga."

Watu wakasimama. Naye mkunga alipita pale katikati bila kuwaangalia, kidevu juu ya usukani, midomo ameikaza kama anayeisukuma gari kwa meno. Baadaye hawakuhitaji tena kusimamishwa. Wakaizoea sauti ile, wakawa wanasimama wenyewe. Baadaye tena wakawa wanamsimamia yeyote anayepanda, maana mkunga hakuwa peke yake mwenye betri mbovu. Mwalimu Klachi akaichukua desturi ile akaifanya sheria. Anayepanda hazuiwi. Mwanafunzi angeweza kupaki vizuri na kurudi nyuma kwa kioo tu, lakini akimzuia anayepanda, alitandikwa rula ya goti na kuanza upya.

Mkewe alikufa kwa ugonjwa uliomla polepole. Pikapu ikauzwa chuma chakavu. Zahanati ikavunjwa, ikajengwa ya ghorofa, wakunga wapya hawakumjua. Kilichobaki chake pale mtaani ni ile tabia. Jioni Mwalimu Klachi alikaa mlangoni pa ofisi yake, akaona gari ya mtu baki inapanda mlima na wengine wote wanasimama kuipisha, akajisikia kama mtu amelitaja jina la mkewe kwa sauti.

Sasa mzunguko una sheria yake moja, nayo haina mjadala: aliye ndani ndiye mwenye njia, anayekuja asubiri nje. Anayepanda asubiri pia.

Haikuchukua muda mhandisi akatia mguu ofisini, kofia yake ya kazi kwapani. Binti wa Mwalimu Klachi, ambaye ndiye aliyekuwa akifundisha kwa gari ya pili, alikuwa nje anafuta vioo.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuomba msaada. Ule mzunguko wa katikati unakwama kila asubuhi."

"Uvunje."

"Haukwami wenyewe. Kuna madereva wanasimama ndani, wanawaruhusu wanaopanda. Wakiingia wawili watatu, hakuna wa kwenda mbele wala nyuma. Nimewauliza, mmoja mmoja, nani aliwafundisha kuendesha."

Binti akaanza kucheka kabla jibu halijatoka.

"Wote wamekutaja wewe."

"Basi wamefundishwa vizuri."

"Wamefundishwa vizuri, mzee wangu. Ila barabara waliyofundishwa haipo tena."

Mwalimu Klachi akamwambia kwamba kiti alichokalia ni cha wateja. Mhandisi akaelewa, akaaga, akaondoka.

Mvua zilipoanza, njia ya nyuma ya soko ikageuka uji. Asubuhi moja Mwalimu Klachi hakuwa na budi, akapanda kutoka bondeni kwa njia ya kawaida, peke yake garini. Seremala alikuwa tayari ndani ya mzunguko na pikapu yake, mbao zimechomoza nyuma. Akaiona gari ya mwalimu wake inakuja, akafanya alichofanya tangu ujana wake. Akasimama palepale, akanyoosha mkono kwa adabu: pita.

Nyuma yake kulikuwa na kijana wa pikipiki aliyebeba trei za mayai. Alikuwa mgeni mtaani, na hakuwa na sababu yoyote duniani ya kufikiri kwamba gari iliyo ndani ya mzunguko, njia ya mbele ikiwa nyeupe, itasimama. Akaingia kwenye zile mbao.

Seremala na Mwalimu Klachi waliposhuka walimkuta amekaa chini kwenye mayai, ameushika mkono wake wa kulia kama kitu cha mtu mwingine.

"Umesimama kwa ajili ya nani?" kijana akamuuliza seremala. Hakuwa na hasira, alitaka kujua. "Mbele hakukuwa na mtu."

Seremala akamgeukia Mwalimu Klachi. "Nilikuwa nakupisha wewe."

Wakampakia kijana kwenye gari ya kibao cha L, wakampeleka juu zahanati. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Jioni ile binti alimpakulia baba yake chakula, akakaa mbele yake, asile.

"Leo mkono, baba. Kesho shingo."

"Najua."

"Kama unajua, waambie waache. Mhandisi akisema hawamsikii. Polisi akisema watatii akiwa amesimama pale. Ukisema wewe, wataacha."

Mwalimu Klachi akasogeza sahani pembeni. "Nikiwaambia waache, mama yako atabakiza nini hapa mtaani?"

"Mimi. Na hii pua yake unayonisema nayo kila siku."

"Pua haisimamishi magari."

"Na mama naye hasimamishi tena. Leo amesimama seremala, na aliyeanguka ni mtoto wa watu. Mama alikuwa anaupanda ule mlima kwenda kupokea watoto wa watu wakiwa wazima. Angekukuta umekaa unalinda desturi yake huku mwingine anafungwa plasta, angekuvua kofia akakupiga nayo."

Hilo lilikuwa kweli, na kofia aliwahi kupigwa nayo. Mwalimu Klachi akala chakula kikiwa kimeshapoa.

Jumamosi watu waliitwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mwalimu Klachi alipita mwenyewe dukani na karakanani kuwaita, na aliyesema ana kazi aliambiwa leseni yake ina jasho la nani. Wakaja watu wazima na vitambi vyao na mvi zao. Mwalimu Klachi alikuwa amechora duara kubwa kwa chokaa, na njia nne zinazoingia. Akawaambia watembee kwa miguu, kila mmoja ajihesabu ni gari.

"Mimi ni gari gani?" akauliza mwoka mikate.

"Lori la mchanga, huhitaji kujiuliza. Ingia."

Wakazunguka. Mwanzoni ilikuwa kichekesho, watu wanapiga honi kwa mdomo. Seremala akafika mbele ya njia ya bondeni, akamwona binti wa mwalimu anakuja, miguu ikakataa. Akasimama.

"Tembea," akasema Mwalimu Klachi.

"Anapanda."

"Naona anapanda. Tembea."

Mwoka mikate akaingilia. "Mwalimu, hebu tuelewane. Mimi goti hili ulilitandika rula kwa sababu sikumpisha anayepanda. Mbele ya mchumba wangu."

"Nilikutandika. Sasa nitakutandika ukimpisha, mbele ya wajukuu."

Wakacheka. Kicheko kilipopungua, seremala bado alikuwa amesimama palepale kwenye chokaa. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Na mkunga?"

Wote walimjua, na wengine kati yao walikuwa na watoto waliopokelewa na mikono ile.

"Mkunga hapandi tena," akasema Mwalimu Klachi. Akakohoa, akalisingizia vumbi la chokaa. "Tulimpisha kwa sababu pikapu yake ikizimika haiwaki. Magari ya sasa yanawaka. Kama angekuwepo angesubiri kwenye mstari kama watu wote, na angewatukana nyote mnaomchelewesha. Haya, tembea."

Seremala akatembea.

Walirudia mpaka chokaa ikafutika chini ya viatu vyao. Kuna waliokosea mpaka mwisho. Mtu hasahau kwa siku moja kitu alichokifanya nusu ya maisha yake.

Wiki iliyofuata Mwalimu Klachi alishuka bondeni na binti yake pembeni, akageuza, akaanza kupanda. Ndani ya mzunguko kulikuwa na gari la mikate. Mwoka mikate akamwona, taa za breki zikawaka, gari likaanza kusita.

Mwalimu Klachi akasimama kwenye mstari. Akavuta handibreki, akaondoa mikono yote kwenye usukani na kuiweka mapajani, ionekane. Wakaangaliana kupitia vioo viwili. Mwoka mikate akanyoosha mkono: pita. Mwalimu Klachi akatikisa kichwa. Mwoka mikate akangoja kidogo, labda mzee atabadili nia. Kisha akaingiza gia, akaenda zake. Nyuma yake likapita lori, na teksi, na mama mmoja na pikipiki yake, wote bila kupunguza, wala hapakuwa na sababu ya kupunguza.

Kwa miaka yote ile hakuwahi kusimama pale kusubiri. Hakuna aliyewahi kusimama pale, hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Mahali penyewe hapakuwa na lolote: ukuta wenye ukungu, mtaro, mlango wa bati uliofungwa kwa kamba. Mkewe alipapita maelfu ya mara na pengine hakupaona hata siku moja. Injini ilikuwa inanguruma taratibu chini ya miguu yake, wala haikuwa na dalili ya kuzimika.

"Njia nyeupe, baba," binti akasema.

"Naiona."

Hakuondoka mara moja. Gari ya nyuma ikapiga honi, ya mtu asiyemjua. Mwalimu Klachi akashusha handibreki, akaangalia upande wa kulia, akaingia kwenye duara, akatokea njia ya zahanati.