Barua Arobaini na Tatu

Watu wa kilimani waliniita Taadhima, kwa kuwa kila barua niliyowachapia ilianza na "Kwa heshima na taadhima." Sikukasirika. Mtu akishakuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita, kisha akastaafu na kufungua kiduka cha kuchapa na kudurufu mjini, yako majina mabaya zaidi ya hilo, na mengine ningeyastahili.

Mwaka ule kampuni iliomba kufungua migodi miwili ya makaa ya mawe. Wa kwanza ulikuwa bondeni, mahali pasipo na mtu, na haukumnyima yeyote usingizi. Wa pili ulikuwa juu ya kilima chenyewe, penye nyumba arobaini na tatu, mojawapo ikiwa ya mama yangu. Baba aliijenga kwa mikono yake, na sisi sote tulizaliwa humo. Mgodi ukipita, nyumba inakwenda. Mimi nilitaka ibaki. Mengine yote niliyoyasema kuhusu hewa, chemchemi na vizazi vijavyo yalikuwa ya kweli, lakini niliyasema kwa ajili ya nyumba ile.

Ripoti ya tathmini ya mazingira ilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili. Hairuhusiwi kutoka nayo; unaisomea ofisini kwa jopo la tathmini, kwenye meza iliyo jirani na choo. Wananchi tulipewa siku thelathini kutoa maoni kwa maandishi. Niliisoma yote kwa siku tisa, kisha nikatunga barua ya kurasa mbili ambayo, nisijisifu sana, ilikuwa haina pa kushikwa. Nikatoa nakala arobaini na tatu, nikibadilisha majina tu, na Jumapili nikapanda nazo kilimani. Watu walisaini mlango kwa mlango. Mama alisaini ya kwake bila hata kutafuta miwani. Nilishuka kichwa kimevimba.

Mkutano wa hadhara ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti wa jopo la tathmini alikuwa mama mmoja mtulivu, ana mafua, na alisoma idadi kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Barua zinazounga mkono mgodi wa pili, tisa. Barua zinazopinga, moja."

Ukumbi ukachemka. Fundi mwashi wa kilimani, mtu ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti, akasimama.

"Moja vipi, mheshimiwa? Sisi tuko nyumba arobaini na tatu!"

"Barua zenu zinafanana neno kwa neno," alijibu mwenyekiti, akapenga kamasi kwa adabu. "Kanuni inasema zikifanana hivyo, inahesabiwa barua moja yenye saini nyingi. Sikuitunga mimi. Hata kosa la uchapaji la ukurasa wa pili liko kwenye zote."

Watu wote wakageuka kunitazama. Kosa lenyewe nilikuwa silijui. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na wala hakuna aliyenilaumu, jambo lililozidi kuniumiza.

Mwenyekiti alituongezea siku saba. "Kila mtu aseme lake kwa maneno yake," alisema. "Asiyeweza kuandika aandikiwe, hakuna shida. Ila yawe maneno yake."

Basi nikapanda tena na daftari na kalamu, nikaanza kuandika watu wanavyosema. Haikuwa kazi rahisi kwa mtu wa aina yangu. Nilianza na yule mwashi.

"Andika hivi," alisema. "Wakilipua baruti kuta zitapasuka, na nusu ya nyumba hizi nimejenga mimi. Hakuna atakayesema ni baruti. Watasema fundi aliiba saruji."

Mkono wangu ulikuwa tayari umeanza "mitetemo itaathiri uimara wa majengo." Akanyoosha shingo kuchungulia.

"Saruji umeiandika?"

Nikakata nilichoandika, nikaandika saruji.

Fundi cherehani alisema yeye anashona mashati meupe ya shule, na vumbi la makaa likimfikia hajui atashona mashati ya rangi gani. Bibi mmoja alisema hana sababu yoyote, hataki tu, na asibughudhiwe. Nikaandika hivyo hivyo, mpaka hilo la kutobughudhiwa. Nilianza kuona raha. Lazima niseme kweli, barua hizi zilikuwa na meno kuliko ile yangu.

Siku ya pili nikafika kwa dereva wa lori, jirani wa tatu kutoka kwa mama, asiye na kazi tangu lori la tajiri wake liuzwe.

"Mimi nautaka mgodi, kaka," alisema.

Nikaweka kalamu chini. "Lakini ulisaini kupinga."

"Nilisaini. Wewe ni mkubwa wangu. Umepanda na jua lote lile, barua imeshachapwa, jina langu limeshakaa pale. Ningekwambia nini? Nikuvunjie heshima mbele ya mke wangu?"

Nilimkasirikia, sitaki kuficha. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Lakini nikaandika: anataka kazi, ana leseni ya magari makubwa, watoto wanne. Na hakuwa peke yake. Hadi Ijumaa nilikuwa na barua ishirini na tisa zinazopinga na kumi na tatu zinazokubali. Kumi na tatu hizo nilikuwa nimezipeleka mwenyewe mara ya kwanza kama za kupinga, nikijiona mtetezi wa watu.

Mama nilimwacha wa mwisho, kwa sababu nilijua atakachosema. Nilimkuta jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Nikaketi kwenye kigoda, nikafungua daftari.

"Haya mama, sema nikuandikie. Kwa nini hutaki mgodi?"

"Nani kasema sitaki?"

Nilicheka, nikidhani ni utani wake. Yeye hakucheka. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje.

"Andika, nataka wanihamishe. Wanipe nyumba chini, tambarare, karibu na bomba na hospitali. Goti hili limekwisha, mwanangu. Ndoo moja ya maji napumzika mara tatu. Mwezi jana nilianguka pale kwenye mteremko, nikakaa chini hadi akapita mtu wa kuniinua."

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini? Ungeniandikia barua?"

Nilimkumbusha nyumba ya baba. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda, nami nikaisikia.

"Baba yako alikuwa mume wangu kabla hajawa baba yako," alisema. "Angekuwa hai tungekuwa tumeshahama. Wewe unakuja Jumapili, unakaa barazani, unakunywa chai, unasema hewa ya huku nzuri, unashuka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Sasa mbona ulisaini ile barua, mama?"

"Ulileta kalamu. Swali hukuleta."

Alisema bila hasira, akaendelea na maharage yake. Nikaandika yote: goti, ndoo, mteremko, bomba. Aliponiambia nimsomee, nikamsomea. Akaweka saini, safari hii amevaa miwani.

Niliteremka na barua zote kwenye bahasha. Nilifikiria kuitoa ile moja. Hakuna ambaye angejua. Mama asingekwenda kuulizia, na kwenye mteremko ule asingeweza hata akitaka. Nilisimama hapo hapo alipoangukia na nikaona jinsi changarawe ilivyo legevu, njia niliyoipita maisha yangu yote. Nikajichukia. Bahasha sikuifungua.

Ofisini, karani wa mapokezi alizigonga muhuri moja moja, akiziingiza kwenye safu mbili: wanaopinga na wanaokubali. Alipofika ya mwisho akaisoma kidogo, akanitazama.

"Huyu ana jina lako la ukoo."

"Ni mama yangu."

"Kumbe na yeye anakubali kuhama," alisema, akaandika.

"Hakubali," nikamwambia. "Anaomba."