Mguu wa Angèle

Tangu kiharusi kimpige Germain na kumwachia mkono na mguu wa kulia visivyo na nguvu, usukani wa Corolla yao kuukuu ulikuwa wa mkewe, Angèle. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na miwili, kwa kuwa hapakuwa na mwingine: binti yao Chérie ameolewa Kolwezi, na shamba la mahindi liko Kapolowe, mbali na nyumba yao ya Likasi. Germain alikaa kando yake akimfundisha. Kusema kweli, alimgombeza.

"Kanyaga, Mama Chérie! Unaogopa nini?"

"Nakanyaga."

"Unapapasa tu!"

Asubuhi ile walikuwa wamebeba magunia mawili ya mbolea, na mahindi yalikuwa yanaingoja. Kwenye mwinuko wa kutoka mjini gari likakosa nguvu. Malori yakawapigia honi kwa nyuma. Angèle aligeuza, wakarudi nyumbani. Alipozima injini, alimwekea mumewe funguo mapajani.

"Tafuta muntu mwingine. Minye siwezi. Mguu yangu haijue hii kazi."

Akaingia ndani.

Germain alibaki garini. Miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa mashine kiwandani, lakini tangu augue hakuwa amefungua boneti hata mara moja. Jirani yao Willy, mwenye gereji, alikuwa amesema injini imechoka, ifunguliwe yote. Germain alimwamini nusu. Nusu nyingine ya kosa alimtwika mkewe. Sasa alijikokota hadi kiti cha dereva, akakanyaga pedali ya mafuta kwa mguu wa kushoto, ule mzima. Pedali ikashuka upana wa vidole vitatu bila kuvuta kitu.

Akarudia. Vilevile.

"Mama Chérie! Kuja!"

Aliita mara tatu ndipo Angèle akatoka, mikono imejaa unga.

"Kaa hapa. Usiwashe moteri. Kanyaga mpaka chini, usiachilie."

Alifungua boneti, akainama. Kebo ya chuma itokayo kwenye pedali ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ilivuta mkono mdogo wa chuma unaofungulia injini hewa, ukazunguka kidogo, ukasimama katikati. Germain akausukuma kwa kidole. Ulikuwa bado na safari ndefu.

"Umefika chini?"

"Nimefika, Papa Chérie. Kama siku zote."

Germain alisimama pale, kichwa chini ya boneti, asitake kuonekana uso. Tangu ashike usukani, mwezi wa tisa, mwanamke huyu alikuwa akikanyaga hadi mwisho, na gari likimpa nusu ya anachoomba.

"Haikuwa mguu yako," alisema hatimaye. "Kabule imelegea. Ni minye nilikosea. Unisamehe."

Angèle hakuondoa mguu.

Kebo ilishikwa na nati mbili zilizobana kipande cha bati, moja huku, moja kule. Ilibidi moja izuiwe na nyingine izungushwe. Spana ikamponyoka mkono wa kulia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ngozi ya kidole ikachubuka.

"Twende kwa Willy," alisema Angèle.

"Hapana. Kuja weye. Shika hii clé, usiiache izunguke."

Angèle aliishika spana ile kwa mikono miwili. Germain akadondosha mafuta kwenye kutu, wakangoja, kisha akavuta spana ya pili kwa mkono wa kushoto hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Nati ikalia, ikaachia.

Mara ya kwanza aliikaza kebo kupita kiasi. Walipowasha, injini ikanguruma yenyewe bila mguu wa mtu.

"Zima! Zima!" Akaizungusha nati nyuma. "Lazima ibakie kulegea kidogo, kama unene wa punje ya muhindi. Bila ile, moteri haipumuzike."

Wakajaribu tena. Angèle alipokanyaga, ule mkono wa chuma ulifika hadi mwisho. Alipoachia, ulirudi wenyewe. Wakazikaza nati zote mbili. Walipowasha, injini ilitulia.

Walipoondoka tena, kwenye mwinuko uleule Germain alifunga mdomo. Haikuwa kazi rahisi. Angèle alikanyaga, gari likaruka mbele na magunia yake, likalipita lori la mawe lililokuwa likijivuta pembeni.

"Eeh!" alipiga kelele Angèle. "Kumbe iko na nguvu!"

"Iko nayo."

Walifika Kapolowe kabla ya mvua, wakaishusha mbolea ikiwa kavu. Kabla ya kurudi, Angèle alifungua boneti mwenyewe.

"Sasa unionyeshe na fasi ya kuangalia mafuta ya moteri."