Tena, Bwana

Ugonjwa wa Mughwai ulikuwa ndege. Aliupata Burma, alikokuwa akibeba mapipa ya petroli kwenye uwanja wa ndege za vita, na aliporudi kwao Mungaa hakupona. Alilima macho yakiwa juu, hadi siku moja jembe likamkata kidole cha mguu. Yustina, mkewe, aliwaambia majirani kuwa yeye ameolewa na shingo, mume mwenyewe hajamwona. Basi zilipofika habari kwamba mbugani, chini ya Kilimatinde, mzungu mmoja amefungua shule ya kuwafundisha wenzake sarakasi za angani, nani angemzuia? Alivaa koti lake la jeshi, akadandia lori. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kuiona ardhi ikiwa juu ya kichwa chake.

Mwalimu wa shule hiyo wenyeji walimwita Bwana Kipanga, kwa jinsi alivyopenda kushuka kwa kasi juu ya watu na mifugo. Mughwai alimpigia saluti na kuomba kutazama tu. Kipanga alimkagua kuanzia viatu hadi koti, akawageukia wanafunzi wake akicheka.

"Panda," alisema. "Leo utatapika mpaka maziwa ya mama yako."

Akafungwa mikanda kwenye kiti cha mbele, akavishwa kofia ya ngozi yenye mrija wa mpira wa kusemea na Kipanga, rubani, aliyekaa nyuma. Walipopaa, Mughwai alilia kwa furaha bila aibu. Kisha ndege ikapinduka. Mikanda ikamkata mabega, damu ikamjaa machoni, na ile mbuga yote, na miiba yake na vichuguu vyake, ikaning'inia juu yake. Hakutapika. Alicheka hadi mbavu zikamuuma.

"Sasa tazama," sauti ya Kipanga ilisema mpirani.

Pua ya ndege ikaelekea chini, palipokuwa na kundi la ng'ombe kisimani. Walipita juu ya pembe zao, karibu kuzigusa. Ng'ombe wakatawanyika. Mughwai aliona mwanamke mwenye nguo nyekundu akitupa ndoo na kupunga mikono yote miwili. Alimwona vizuri kabisa. Lakini furaha ilikuwa imemlewesha, na katika ulevi huo yule mwanamke hakuwa na uzito wowote.

"Tena?" Kipanga aliuliza.

"Tena, bwana! Tena!"

Wakageuka. Safari hii ng'ombe walikimbia pamoja, na ile nguo nyekundu ikawa katikati yao, kisha haikuonekana. Mbele ya ndege mzee mmoja alisimama peke yake, hakulala, hakukimbia. Alirusha rungu. Pangaboi la puani pa ndege lilipasuka kwa kishindo, vipande vya mbao vikampasua Mughwai shavu, bawa likakwama kwenye mti wa miiba na ndege ikajipigiza chini.

Mughwai alipojikwamua, Kipanga alikuwa tayari nje, goti limevunjika, bastola mkononi. Wachungaji walikuwa wakija kutoka kila upande. Aliyetangulia ni yule mzee. Alikuwa amembeba binti yake. Kichwa cha binti kilikuwa kimeporomoka, kifua kimebonyea mahali kwato zilipopita, na damu yake ilikuwa ikichuruzika kwenye miguu ya baba.

"Waambie hatukuona," Kipanga alinong'ona. "Juu huko mtu haonekani. Waambie!"

Mughwai alijua kwamba neno hilo lingetosha. Watu hawa hawajawahi kupanda ndege, nani angembishia?

Mzee alimlaza binti kwenye nyasi, akamfunika miguu kwa nguo yake. Hakumtazama mzungu hata kidogo.

"Mimi ni Mazengo," alisema. "Huyu ni Raheli. Aliwapungia. Wewe ni mtu mweusi kama mimi, nitakuuliza wewe. Mlimwona?"

"Shikamoo, mzee," Mughwai alisema. Mzee hakuitikia.

Mughwai alimtazama Raheli, akaona aibu kubwa kuliko hofu. Alivua kofia ya ngozi, akaitupa chini.

"Tulimwona," alisema. "Bwana aliniuliza kama turudie. Nikasema tena."

Bastola ililia nyuma yake. Kijana mmoja akaanguka ameshika tumbo, na wenzake wakamrukia Kipanga kwa marungu na mawe hadi bastola ikanyamaza na yeye pia. Mughwai hakugeuka kutazama. Alipiga magoti mbele ya Mazengo, kwa sababu mzee alikuwa mfupi na asingekifikia kichwa chake.

Mazengo aliokota jiwe, akalishika kwa mikono miwili.

"Sema tena," alisema.

Mughwai akasema.